Bustani ya Saba

Habari za Ulaya zilimkuta Lois amechuchumaa kwenye zinia zake, mkononi ana kata ya maji yaliyokwisha kuoshea mchele, na jambo la kwanza alilofanya ni kumaliza kumwagilia.

Si kwamba hakusikia. Alisikia vizuri mno. Mumewe, Mwalimu Cyril, alikuwa amesimama nyuma yake na barua ya Padri mkaguzi wa shule, na alimsomea mara mbili: kwanza kwa Kiingereza, kwa raha yake mwenyewe, kisha kwa Kiswahili ili mkewe aelewe. Chuo kimoja huko Uingereza kilitaka mwalimu wa Kiswahili akae miaka miwili, awafundishe vijana wa Kizungu waliotarajia kuja kufanya kazi huku. Kilitaka mtu aende na mke na watoto, kwa sababu aliyetangulia alikwenda peke yake na upweke ukamrudisha kabla ya mwaka kwisha. Nyumba ipo, nauli ya meli ipo, makoti ya baridi watayakuta hukohuko. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa Oktoba.

"Unasemaje, Mama Severina?" Mwalimu akauliza.

Lois akasema ni habari njema, ila ngoja kwanza akaangalie mboga isije ikaungua. Akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akashika tama. Mboga yenyewe ilikuwa bado haijabandikwa.

Asiyeijua Newala atauliza kumwagilia maua kuna habari gani hata kusimuliwe. Kwa Newala ya mwaka ule wa hamsini na sita ilikuwa habari. Mji uko juu, ukingoni mwa mlima, na maji yako chini bondeni. Kina mama walitoka jogoo wa kwanza na madebe yao, wakateremka, wakangoja zamu zao kisimani, wakapanda tena na debe kichwani, na kufika kwao jua limekwisha kuwa kali. Maji ya namna hiyo hayamwagwi ovyo. Kwa Lois debe moja lilikuwa na kazi zake kwa zamu. Kwanza kunywa na kupika. Yaliyooshea mchele au kunde yalikingwa kwenye karai. Mengine yalimwogesha Yuliana, mtoto wa mwisho, naye akishatoka beseni lilimngoja Nikolao na miguu yake ya kucheza mpira. Mwisho wa yote, yakiwa na rangi ya chai, yalikwenda kwenye maua. Ya sabuni nyingi yalikwenda kwenye zinia, kwa kuwa zinia hazina makuu, lakini waridi halikupewa sabuni hata siku moja.

Jirani yake Stamili, mke wa Fikirini, Mmakonde wa palepale, alikuwa akimcheka waziwazi. Walikuwa wakienda kisimani pamoja, na njia nzima ya kupanda Stamili alimwambia kwamba yeye anabebea watu na mbuzi, kuna wenzake wanabebea majani. Hata hivyo kila Ijumaa asubuhi alikuja kuchuma asumini za kuweka kichwani, na hakuna Ijumaa aliyowahi kusahau.

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Ilianzia kwenye ngazi ya nyumba ya shule ikaishia kwenye ua wa mabua. Zinia nyekundu na za manjano zilipangana kando ya njia pande zote mbili. Asumini mbili zilipanda kwenye nguzo za jiko. Katikati palisimama waridi moja la rangi ya waridi kweli, ambalo Lois aliomba kijiti chake kwa masista wa Ndanda alipolazwa kule kumzaa Yuliana. Alikifunga kwa kitambaa kibichi akakipakata kwenye lori njia nzima, mtoto paja hili, kijiti paja lile, na abiria mmoja akamwuliza kipi kati ya hivyo viwili ndicho kilichompeleka hospitali. Tena palikuwa na mayungiyungi mekundu ambayo hakuyapanda mtu. Yalilala ardhini kiangazi kizima, na mvua za kwanza zikinyesha yakajitokeza yenyewe.

Jioni, sufuria ikishaipuliwa, Lois alikaa kwenye ngazi, akanyoosha miguu, akayatazama maua. Basi, hakuwa na kazi nyingine. Hakushona, hakuchambua mchele, hakumsuka mtoto. Mwalimu alikuja na rundo la madaftari akakaa kwenye kiti chake cha kukunja, akasahihisha, na mara mojamoja akainua kichwa kuuliza lipi limefunguka leo. Lois alimwonyesha kwa kidevu. Ilikuwa saa pekee ya siku ambayo hakuwa amebeba kitu, na aliipenda saa ile kuliko alivyopata kumwambia mtu yeyote.

Sasa lazima isemwe kwamba bustani hii ilikuwa ya saba. Mke wa mwalimu hana kwake. Ana nyumba ya shule, na nyumba ya shule ni ya atakayekuja. Miaka kumi na sita ya ndoa Lois alikuwa amehamishwa mara saba, na kila mahali alipanda. Lupaso aliacha asumini zimeshika dari, na aliyemfuata akazing'oa apande mihogo. Luatala aliacha maua kwa mbuzi, na kaburi dogo la mtoto wao wa pili, ambalo mpaka leo hajui nani analifagilia. Mahuta alipita mwaka mmoja baadaye akakuta waridi lake limefungwa kamba ya kuanikia nguo. Kila barua ya uhamisho ilipokuja Mwalimu aliisoma, akasema tunaondoka tarehe fulani, na Lois akaanza kufunga vyombo. Akifika kwingine aliuliza mambo yaleyale: kisima kiko wapi, chumvi inauzwa kwa nani, nani mkali na nani mwema, mkunga ni yupi. Newala walikuwa wameketi mwaka wa nne, na alikuwa ameanza kulala usingizi wa mtu aliyefika.

Ndiyo maana habari za Ulaya hazikumpandisha wala kumshusha. Zilimchosha tu. Alichoka kabla ya safari, kama mtu aliyekwisha kwenda akarudi.

Watoto walizipokea kivingine. Severina, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alianza siku ileile kuvaa viatu ndani ya nyumba ili azoee. Nikolao, wa miaka minane, akataka kujua kama meli ina choo. Stamili alipoambiwa njiani aliweka debe chini, jambo ambalo mtu halifanyi hivihivi katikati ya mlima, akasema amesikia kwamba huko maji yanatoka ukutani. Unazungusha kichuma, yanakuja. Akamwuliza Lois anangoja nini. Lois akasema hangoji kitu, akamsaidia kujitwisha, wakapanda. Miguu ya Lois ilikuwa na vidonda vya njia ileile, na mtu mwenye akili zake angekimbilia maji ya ukutani bila kuaga. Lakini akijaribu kuiona nyumba hiyo ya Ulaya alijiona amesimama katikati ya chumba kisichokuwa na kitu chake, anauliza tena chumvi inauzwa kwa nani, na safari hii hata lugha ya kuulizia hana.

Mwalimu, kwa upande wake, alikuwa amebadilika. Mtu huyu alikuwa mwalimu wa daraja lilelile kwa miaka kumi na moja, anafundisha watoto kusoma, watoto wanakwenda Lindi na Dar es Salaam na kurudi na suruali za kupiga pasi, yeye yupo palepale. Tangu barua ile alitembea wima. Alitafuta kamusi. Jioni, kwenye kiti chake cha kukunja, badala ya kuuliza lipi limefunguka alimweleza Lois habari za treni zinazopita chini ya ardhi, na Lois akaitikia na macho yake yako kwenye waridi.

Hakumwambia hapana. Hilo neno hakuwahi kumwambia mumewe katika jambo kubwa, na hakujua lingetokaje kinywani.

Lakini palikuwa na mlango mwingine, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Kwa watu wa Lois, Wamakua wa Masasi, watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yao ni mjomba. Baba huwalisha na kuwavisha, huwapenda, huwachapa kidogo, lakini hawavushi maji bila mjomba kusema ndiyo. Cyril alikuwa mtu wa kanisa na wa vitabu, ila hakuwa mtu wa kuruka jambo hilo. Kwa taratibu angemtuma mshenga, au angekwenda mwenyewe na jogoo mkononi. Siku hiyo akamwambia Lois aende yeye. Alisema yeye akienda itaonekana amekwenda kumsukuma shemeji yake. Lois aliona ni ajabu kidogo. Hakuuliza, kwa kuwa moyoni alikuwa amekwisha kupanda lori.

Lilikuwa lori la korosho, na alikaa juu ya magunia tangu Newala mpaka Masasi, likiteremka mlima kwa gia ndogo huku watu wanasali. Kutoka Masasi alikwenda kwa miguu hadi Lisekese. Kaka yake Dastani, aliyelima mikorosho na mtama na kupiga useremala wakati wa kiangazi, alimpokea kwa shangwe, mkewe akachinja, majirani wakaja kuamkia. Ilikuwa shikamoo na marahaba mpaka jua likapinduka. Usiku Lois alilala kwenye nyumba ya marehemu mama yao, ambayo Dastani aliiezeka upya kila mwaka ingawa haikuwa na mtu. Asubuhi alimfuata kaka yake karakanani, akamweleza yote, tangu chuo mpaka makoti.

Dastani alifurahi. Hilo Lois hakulitegemea. Aliweka randa chini akasema basi ukoo wao utakuwa na watu waliofika Ulaya, na Nikolao atarudi anaongea Kiingereza cha puani. Alianza kuhesabu watu wa kuwapa habari. Lois akamwacha amalize.

"Kaka, sikuja kukuomba ukubali," akasema. "Nimekuja kukuomba ukatae."

Dastani akamtazama.

"Wewe huwezi kukataa?"

"Nikikataa mimi, nimekuwa mke aliyemfungia mumewe njia. Ukikataa wewe, amesema mjomba. Hakuna wa kulaumiwa."

"Yeye anaitaka safari?"

Lois akasema ndiyo, anaitaka. Akaongeza kwamba amechoka. Akasema neno hilo mara tatu, na kila mara lilikuwa dogo kuliko kile alichotaka kusema: kwamba kila alipoota mizizi alifukuliwa, kwamba mtoto wake yuko Luatala peke yake, kwamba ana saa moja tu kwa siku ambayo ni yake na ameipata baada ya miaka kumi na sita. Hakuyasema hayo. Alilia, na kaka yake, ambaye hakuwahi kumwona akilia tangu mazishi ya mama yao, akashika randa tena akaranda ubao uliokwisha kuwa laini. Akasema atakuja Newala Jumamosi ya pili.

Alikuja kweli, na lori, amevaa koti. Dastani ni mtu asiyejua kusema uongo. Ukimwomba aseme uongo huanza kujikuna sikio. Alikula ugali, akanywa maji, akasifu korosho za mwaka ule. Alipelekwa kuonyeshwa maua akasema yanapendeza, bila kumtazama dada yake. Walipoketi barazani Mwalimu Cyril alikaa mbele yake na mikono juu ya magoti, namna wanafunzi wake walivyokaa wakingoja matokeo. Lois alikuwa nyuma ya mlango, amemshika Yuliana, na alisikia kila neno.

"Shemeji," Dastani akasema, "safari ni njema. Lakini Nikolao ana jando. Mwakani mavuno yakiisha vijana wanaingia, naye yumo. Siwezi kumwacha mtoto avuke bahari hajaingia jandoni, arudi mkubwa, wenzake wamemtangulia. Na mmoja hawezi kubaki wengine wakaenda. Mimi mjomba wao nasema wasiende."

Alikuwa anajikuna sikio.

Lois alingoja Mwalimu aulize, abishane, ataje Padri, ataje mwaka, aseme jando linaweza kungoja. Alikuwa na maneno mengi yule bwana. Kazi yake ilikuwa maneno.

"Nimesikia, shemeji," akasema. "Mwenye watoto amesema."

Mchana uleule alichukua karatasi, akaandika jibu kwa Padri kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akamkabidhi Dastani aliteremshe Masasi. Severina alilia siku mbili, kisha viatu akavirudisha kwenye sanduku. Stamili alipoambiwa alisema jando ni jambo kubwa, hata wao kwao lingewazuia, na Lois akajiona mchafu.

Alikuwa amepata alichotaka. Asifikiri mtu kwamba alifurahi. Mvua zilinyesha mapema Desemba, mayungiyungi yakatoka mengi kuliko mwaka wowote, waridi likafungua maua sita kwa mpigo, na karai la maji ya mchele likakaa pembeni kwa kuwa mbingu ilikuwa inamwagilia yenyewe. Lois alikaa kwenye ngazi kama kawaida. Kiti cha kukunja kilikuwa ndani. Mwalimu alisema mbu wamezidi, akawa anasahihisha madaftari mezani kwa taa mpaka shule ikafungwa, na shule ilipofungwa akawa anasoma gazeti la zamani. Hakuwa amemkasirikia. Alizungumza naye vizuri, aliuliza habari za kisima na za mtoto. Ila hakuuliza tena lipi limefunguka, na Lois, ambaye miaka yote alidhani anayatazama maua peke yake, akaona kwamba hakuwahi kuyatazama peke yake hata mara moja. Yalimkinaisha. Alikaa pale kwa ukaidi tu, na akiingia ndani alikuwa amechoka zaidi ya alivyotoka.

Mara nyingi alifungua mdomo kumwambia. Mara nyingi aliufunga.

Barua ya pili ilikuja siku tatu kabla ya Krismasi. Safari hii Mwalimu hakusimama nyuma yake. Alikuja mpaka mbele, akachutama karibu na zinia, ambazo mvua ilikuwa imezilaza, akamsomea mara moja tu kwa Kiswahili. Ilitoka ofisi ya shule. Kwa kuwa Mwalimu Cyril alitarajiwa kwenda Uingereza, mwalimu mwingine alikwisha kuteuliwa kushika nafasi ya Newala na nyumba yake, naye amekwisha kuuza mbuzi wake na kufunga mizigo, haiwezekani kumrudisha. Kwa hiyo Mwalimu Cyril anatakiwa kufungua shule mpya huko Tunduru, upande wa mto Ruvuma, mwezi wa Januari. Nyumba itajengwa. Maji yapo, umbali wa kadiri.

Lois akakaa chini palepale, kwenye tope. Ulaya imekwenda na bustani imekwenda, na vyote viwili alivipeleka mwenyewe. Alicheka kidogo, kicheko kibaya, na Mwalimu akamshika bega akidhani ameanza kuumwa.

"Ni mimi," Lois akasema. "Dastani hakuwa na neno na Ulaya. Alifurahi. Mimi nilikwenda Lisekese kumwomba akatae."

"Najua," Mwalimu akasema.

Akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto hesabu iliyokosewa. Julai Dastani mwenyewe alileta salamu kwamba Nikolao bado mdogo, angoje jando la miaka miwili mbele aingie na binamu zake. Mtu aliyesema Julai mtoto angoje hawezi Oktoba kusema hangoji. Na lile sikio, akasema, siku ile lilikaribia kutoka.

"Ulijua, ukaandika hapana."

"Niliandika."

"Na ulikuwa unaitaka."

"Niliitaka sana," Mwalimu akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, na ingekuwa nayo Lois angeona nafuu. "Hata sasa naitaka. Nikilala naiona."

"Sasa kwa nini hukurudi kuniuliza? Kwa nini ulimtuma mtu aliyechoka akakuletee jibu, na ukalipokea kwa mkono wa mwingine?"

Mwalimu alichuma ua la zinia lililovunjika shina, akalizungushazungusha vidoleni.

"Mara saba nimekuhamisha sikukuuliza. Nilikuwa nakusomea tarehe. Hii ya Ulaya niliuliza, ukaniambia unakwenda kuangalia mboga. Nikasema moyoni nikikutuma kwenu utapata pa kusemea. Ningekuuliza tena wewe mwenyewe, ungesema ndiyo."

Hapo ndipo Lois alipolia. Barua ya Tunduru haikumliza, lakini hilo lilimliza, kwa kuwa lilikuwa kweli. Angesema ndiyo. Angefunga vyombo, angepanda meli na watoto watatu na uso wa kuchangamka, na mumewe angekaa Ulaya miaka miwili na mwanamke ambaye hayupo. Alikuwa amesema ndiyo ya namna hiyo tangu ana miaka kumi na tisa, na yule mtu aliyekuwa akiambiwa alikuwa anajua. Alimwonea huruma, akajionea huruma, akamkasirikia kwa kujua na kunyamaza, yote kwa pamoja, na Yuliana akatoka ndani kuona mama amekaa topeni akaja akaketi naye.

Alipomaliza alijifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Niulize sasa," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Habari ya Tunduru. Usinisomee tarehe. Niulize."

Mwalimu Cyril akajiweka sawa. Aliona haya, mtu mzima na watoto wake, kama siku ile alipokwenda kuposa.

"Mama Severina," akasema, "tutahamia Tunduru?"

"Hapana."

Lilitoka bila taabu yoyote. Alilisikia mwenyewe akashangaa jinsi lilivyo fupi. Kisha akasema mengine, na hakuyatafuta. Hakumwambia aache kazi; kazi ni ya kwao wote na watoto wanaila. Yeye aende akafungue shule yake, na atafungua vizuri, hana wasiwasi. Lakini yeye Lois na watoto hawapandi lori la Tunduru. Wanashuka Lisekese, kwenye nyumba ya mama yake, ambayo imeezekwa na haina mtu, na ambayo hakuna ofisi itakayomwandikia barua atoke. Shule zikifungwa, Mwalimu awafuate huko.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Jambo lenyewe halikuwa geni kama linavyosikika. Kwa Wamakua mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, akakaa ukweni misimu kadhaa, akawalimia wakwe shamba wamwone kama ana mikono. Cyril alisamehewa hilo kwa kuwa ni mwalimu. Alipooa alikaa Lisekese siku tisa, likizo ikaisha, akampakia mkewe kwenye lori na masanduku yake, na hakuna aliyemwuliza, maana mwalimu ni mwalimu. Hata Lois hakupata kumwuliza.

"Watasema umeniacha," akasema.

"Watasema umekwenda ukweni," Lois akasema. "Umechelewa miaka kumi na sita tu. Shamba la mama lipo, Dastani analilima kwa niaba yako tangu siku ile, na hajawahi kukusema."

Mwalimu Cyril aliikunja barua ya ofisi mara nne. Alitaka kusema neno la kitabuni, Lois aliliona likija, likapita. Badala yake akamnyanyua Yuliana kutoka topeni, akamwuliza mkewe hilo shamba liko upande gani wa Lisekese, maana miaka yote hiyo hajawahi kufika.